Gia ya Nyuma Imegoma

4 Februari

Kwa binti yangu Kibiriti,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na kazi inakwenda. Mimi ni mzima isipokuwa kiuno, nacho ni kizima kikiwa kimekaa. Shangazi yako ni mzima pamoja na mdomo wake, maana ndiye aliyenipa anwani yako bila kuombwa, akaniambia siku hizi unatengeneza matrekta kwenye karakana kubwa. Namba ya simu pia alinipa, lakini mimi kwenye simu husema nisiyokusudia, unanijua. Barua naweza kuichana nikaanza upya. Hii ni ya nne.

Miaka mitatu si siku tatu, najua. Sikuandikii kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya trekta. Nikichota samadi kwa ndoo ya mbele, nikitaka kurudi nyuma, gia inapiga kelele kama sufuria inayoburutwa sakafuni, halafu inagoma kuingia. Na kazi ya ndoo ni mbele nyuma, mbele nyuma, kutwa nzima. Lundo lililo nyuma ya banda ni refu kuniliko na mvua haziko mbali.

Kaka yako ameshapata mtu wa kulinunua kama chuma chakavu mwishoni mwa Aprili. Anasema baada ya hapo nifunge nyumba nikapumzike kwake, ghorofa ya tatu. Huko nitapumzika mpaka nife.

Niambie nifanye nini.

Baba yako

13 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua imefika. Mimi mzima. Pole kwa kiuno.

Miaka mitatu iliyopita, kwenye gereji yako pale nyumbani, ulisema mbele ya wateja kwamba gereji si mahali pa binti yako, ukampa dereva wa kibarua ufunguo wa trekta niliokuwa nimeushika mimi. Basi ujue ushauri huu unatoka mahali pasipo pangu.

Acha kulazimisha gia. Kelele hiyo ni meno ya gia yanayolika, na hayaoti tena. Trekta lisimame kabisa kabla hujarudi nyuma. Wewe hubadilisha huku magurudumu bado yanakwenda. Na klachi si mahali pa kupumzishia mguu. Ukishafanya hayo na bado inagoma, zima injini, ndipo uingize gia ya nyuma. Niambie inaingiaje. Usinifiche kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Fundi wa matrekta

21 Februari

Kwa mheshimiwa Fundi wa matrekta,

Marahaba. Hujambo huko? Mimi sijambo. Barua yako niliisoma nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nikasema, kweli huyu ndiye Kibiriti wangu: mdogo, na ukimgusa tu anawaka.

Nimefanya ulivyoagiza. Injini ikiwa imezimwa, gia inaingia laini, bila neno. Nikiwasha, vita. Kuhusu kupumzisha mguu kwenye klachi, nani aliyekwambia? Shangazi yako hajui kuendesha.

Hilo la mbele ya wateja nimelisoma pia. Nimelisoma mara nyingi. Sijapata pa kulianzia.

Kaka yako alikuja Jumapili kupima kabati, kama litaenea kwake. Halienei.

Baba yako

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumai kiuno kimepata nafuu. Mimi nina mafua tu, ya vumbi la karakana.

Habari ni njema. Kama gia inaingia injini ikiwa imezimwa, sanduku la gia ni zima. Mgonjwa ni klachi. Kazi yake ni kuitenganisha injini na gia ili meno yaingiane kwa utulivu, na yako haiachii yote. Sasa bonyeza pedali kwa kidole. Nadhani inakuwa nzito papo hapo, maana nakumbuka kila gia iliposaga ulikuwa unaingia chini na spana kuikaza ile fimbo inayounganisha pedali na klachi. Umekaza miaka yote hiyo mpaka klachi haina pumzi. Inapata moto na kupinda. Legeza nati mpaka pedali ishuke bure kwa upana wa vidole viwili. Vidole vyako, si vyangu.

Jana nilimfundisha mtu kutumia ndoo nikajisikia nikipiga kelele, "Mguu! Mguu!" Ilikuwa sauti yako, ulipokuwa unakimbia kando ya gurudumu nami nina miaka kumi na miwili, juu ya kiti kile chenye sponji iliyochanika.

Mwanao, fundi

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mafua, kunywa vitu vya moto. Hapa tu wazima.

Dawa yako imemzidishia mgonjwa. Nililala chini ya trekta asubuhi nzima, nikalegeza nati, nikapima vidole viwili kama ulivyosema. Sasa hata gia ya mbele haiingii. Nimeliegesha chini ya bati, nimerudi kwenye toroli na koleo. Kiuno kimeandika barua ya kujiuzulu, nimeikataa.

Usijilaumu. Unafikiri yaweza kuwa mafuta ya gia? Au baridi ya asubuhi? Au ndoo inakuwa nzito mno mbele kuliko nyuma? Nijibu yote kwa kirefu, usifupishe. Na huko unakoishi, chumba kina dirisha?

Baba yako

16 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Hiyo toroli iache, nakuomba.

Nimeona aibu. Nilimweleza msimamizi wangu, akasema fundi hatibu asichokiona, na ni kweli. Si mafuta, si baridi. Ndoo ikizidi uzito, nyuma ndiko kunakuwa kwepesi, klachi haihusiki. Chumba kina dirisha. Linatazama uwanja wa karakana, ambako kila siku naona matrekta ya watu wengine yakitoka mazima.

Swali moja tu. Ukikanyaga pedali mpaka mwisho, inafika sakafuni? Kuna kitu chochote chini yake kinachoizuia?

Usiuze, baba. Sijapata kumwambia mtu, lakini miaka yote mitatu nikikasirika nilikuwa najiambia kwamba siku moja nitarudi, nipande lile trekta, nichote lundo lote huku unaniangalia. Likienda wewe nawe ukahamia ghorofani, nitarudi wapi?

Binti yako

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu zinakaribia bila jibu. Unaumwa? Au yule mtu wa chuma chakavu amekuja kabla ya wakati? Shangazi hapokei simu. Kaka anasema "mambo yanakwenda", na mambo yanayokwenda hasemi yanakwenda wapi.

Kama nimelimaliza trekta kwa ushauri wangu, niambie tu. Nitavumilia. Kimya ndicho siwezi.

Kibiriti

10 Aprili

Kibiriti wangu,

Marahaba, mara mia. Siumwi. Trekta lipo chini ya bati. Shangazi simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ndiyo maana kuna utulivu.

Nina jambo la kukiri, na nimechana karatasi saba.

Siku ile, nilipokuwa najivuta kutoka chini ya trekta baada ya kulegeza nati, nilitazama juu nikaona, juu ya kibati cha kuwekea miguu, kibao kimepigiliwa moja kwa moja chini ya pedali ya klachi. Cha mbao, unene wa ngumi, kimejaa grisi na samadi mpaka kimefanana na chuma. Nilikikwangua kwa bisibisi. Nilikipigilia mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mguu wako haukuweza kuifuata pedali mpaka chini; ulikuwa unateleza kitini na kuiachia klachi ghafla, trekta likaruka, roho yangu nayo. Nikaweka kibao ili pedali isishuke kupita urefu wa mguu wako, kisha nikaikaza fimbo ili klachi iachie juu juu. Mguu ukarefuka. Kibao kikabaki. Kila gia iliposaga niliikaza fimbo tena, na sikukikumbuka kibao hata mara moja. Ulipoirudisha klachi kwenye kipimo chake cha haki, ilihitaji njia nzima, na njia imezibwa nusu.

Kwa hiyo ushauri wako ulikuwa sahihi. Nami nililijua hilo siku ileile, kabla ya kukuandikia kwamba mgonjwa amezidiwa.

Sasa utawaka. Waka, lakini soma kwanza. Kibao kile kinatoka kwa pigo moja la nyundo. Nilikwenda kuichukua nyundo, nikasimama nayo mlangoni. Nikawaza, trekta likipona, fundi ana haja gani ya kuniandikia? Nikairudisha nyundo nikakuuliza habari za baridi ya asubuhi. Kisha ukaniuliza kama kuna kitu chini ya pedali. Kukuficha niliweza, kukujibu uongo sikuweza, basi nikanyamaza. Mzee mzima, najificha nyuma ya toroli.

Lile la mbele ya wateja, nimepata pa kulianzia. Nilikosea. Wale wateja walikucheka, nami badala ya kuwafukuza wao nikakufukuza wewe. Mimi ndiye niliyekupandisha kwenye kiti kile, nikakukatia na kibao, halafu ulipokua nikashangaa kwamba unajua kazi. Gereji ni mahali pa binti yangu. Nimemwambia kaka yako hivyo hivyo, kwa sauti, na yule mnunuzi akiwepo. Wameondoka wote wawili, kaka yako na tepu yake ya kupimia.

Nisamehe. Nyundo ninayo hapa mezani. Niambie tu nikitoe.

Baba yako

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimewaka. Mwezi mzima umeniacha nijione fundi bandia! Nilifungua klachi mbili za watu bure, nikitafuta kosa langu. Nilipomsomea msimamizi barua yako, alicheka mpaka akakaa juu ya tairi, kisha akauliza kwa nini bado nimesimama pale. Amenipa likizo ya wiki mbili.

Nikalia pia. Hilo nalo ulijue.

Nyundo irudishe mahali pake. Kibao usikiguse, toroli usiiguse, na lundo liache jinsi lilivyo, hata mvua ikianza. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Wewe tafuta kiti, kiweke kivulini karibu na banda, ukae hapo uangalie.

Kibao nitakitoa mwenyewe. Mguu wangu sasa unafika chini.

Binti yako, fundi