Jino la Tatu la Kenge wa Baharini

Shikamoo Bi Mauwa,

Nakuandikia toka Chamazi nikiwa na haraka kwa sababu Jumamosi inakuja na sina pa kukimbilia, nimekusoma gazetini miaka mingi ukiwasuta waume wenye nyumba ndogo na mawifi wakorofi na sikuwahi kufikiri kwamba zamu yangu itafika, tena si kwa ajili ya mwanamke bali kwa ajili ya meno, nakuomba usicheke mpaka ufike mwisho.

Mimi ni mchonga vinyago, kazi nimefundishwa na marehemu baba, na kila nikienda kwetu Lindi kufuata mpingo nafikia kwa mjomba wangu Ferdinand, ambaye ndiye mkubwa wetu upande wa mama, na kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Shamba lake la mikorosho limepakana na korongo, na kila mvua kubwa ikinyesha lile korongo linatapika mawe yenye umbo la mifupa ambayo watu wa pale huyapiga teke na kupita zao, ila mimi mkono wangu umezoea maumbo, nikajua hii ni mifupa kweli, mifupa ya zamani iliyogeuka mawe, basi nikaanza kuiokota, huu mwaka wa kumi na mbili, pingili za uti wa mgongo, mbavu, vipande vya mapezi, naifunga kwenye magunia pamoja na magogo yangu naileta Chamazi. Mke wangu Vaileth amevumilia kabati la vyombo kuwa kabati la mifupa, ingawa pingili kubwa kuliko zote ameifanya ya kuzuia mlango usijibamize na hataki kuirudisha.

Mwaka jana mjomba akiwa anachimba kisima akatoa taya, Bi Mauwa, taya la chini, refu kama mkono wangu toka begani hadi vidoleni, meno saba yamekaa na manne hayapo, mashimo matupu. Akanipa kwa mkono wake akasema, "Wewe ndiye mwenye macho ya vitu hivi. Mtunzie mjomba wako."

Sasa sikiliza. Kwetu kinyago chenye kidole kilichokatika hakitoki karakana, baba alikuwa anakitia motoni, na mimi nilikaa na lile taya lenye mapengo wiki tatu nzima, kila nikipita kama linanisimanga, mwishowe nikachukua kipande cha mpingo nikachonga meno manne, nikayatia vile vistari vyembamba kama vya wenzake, nikapiga msasa, nikapaka kiwi ya viatu mpaka rangi zikalingana, nikayapachika kwa gundi, na kwa mazoea tu, maana mkono huu hauwezi kumaliza kazi bila hilo, nikachonga alama yangu, herufi D yenye mstari chini yake, kwenye mzizi wa kila jino, pale panapozama shimoni pasipoonekana. Sikuwa nauza wala sikuwa namdanganya mtu. Nilifurahi tu kuliona limetimia.

Miezi miwili iliyopita mteja alifuata kigoda chake, akajikwaa kwenye ile pingili ya mlangoni, akamsimulia Dokta Atuganile, ambaye ni mhadhiri wa mambo ya miamba. Dokta akaja mwenyewe, akavua viatu, akaketi mkekani, akaishika pingili kwa upole mpaka Vaileth akaona aibu kwa jinsi alivyokuwa akiisukuma kwa mguu. Akatueleza kwamba huyu si kenge wa baharini kama tulivyozoea kumwita hapa nyumbani, ni mnyama wa jamii ya watambaazi mwenye shingo ndefu na mapezi manne, aliyeogelea zama zile dinosaria wakiwa nchi kavu, na kwamba hapo mjomba anapookota korosho palikuwa chini ya bahari. Mtaani kwetu naitwa Mzee wa Mifupa, watoto wananizomea, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali akasubiri jibu.

Akapima meno, moja moja, kwa kifaa cha chuma, alipofika la tatu toka mbele akavaa miwani. Akasema, "Fundi, mie jino lililotunzika hivi sijawahi kuona. Halina hata ufa."

Jino la tatu ni la kwangu. Nikajikuta nasema asante.

Tangu hapo amerudi mara tatu na mara zote tatu nimekaa kimya, sasa amechapisha picha ya jino hilo, picha kubwa kama mlango, ataitundika Jumamosi mbele ya wasomi wenzake, na baada ya hapo anataka alichomoe alikate alitazame ndani kwa mashine, ambako atakutana na mbao. Mjomba Ferdinand anapanda basi Ijumaa, ameshonesha koti jipya kwa sababu ameambiwa atasimamishwa mbele ya watu kama mvumbuzi, na kijiji kizima kimeshajua. Vaileth anasema ninyamaze, au nilichomoe usiku niseme limebebwa na panya. Lakini ninachoogopa mimi, Bi Mauwa, ni kwamba nikisema manne ni ya mpingo watasema yote ni ya mpingo, pingili, mbavu, miaka kumi na miwili yote, na Dokta atafunga daftari lake aondoke, na mimi nitabaki na kabati la mawe na jina la tapeli. Nimechoka kuwa na siri. Niambie nifanye nini, hata kama ni kwa kunitukana.

Fundi D., Chamazi

*

Marahaba, Fundi.

Nilijitahidi nisicheke mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Nikaishia kwenye "asante".

Nianze na langu moja. Nina tembo sebuleni niliyeuziwa na mchuuzi wa barabarani kule Kawe, akiniapia kwamba ni mpingo mtupu. Siku nilipomfuta kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikawa cheusi na tembo akawa mweupe. Kwa hiyo nikisikia fundi anataja kiwi, huwa naingia na hasira zangu tayari. Wewe angalau ulitumia mpingo.

Sasa twende. Kuchonga yale meno hakukuwa kosa kubwa. Ulikuwa na kitu chenye pengo na una mkono unaojua kuziba mapengo, na mtu wa kukushika mkono hakuwepo. Ulipaswa kuuliza kabla hujapaka gundi kwenye kitu cha namna hiyo, na miaka kumi na miwili ulipaswa kumwambia mtu, maana mifupa hii si ya kuhifadhi na sahani. Kuna sheria ya mambo ya kale, kuna ofisi zinazopaswa kujua kilichotoka kwenye lile korongo, na Dokta atakuonyesha mlango wa kuingilia. Hilo nalo umuulize, usijifanye umesahau.

Lakini kilichokukosesha raha ni asante. Mtu alisifu jino akidhani ni la mnyama, na wewe ukapokea sifa kama fundi. Nimekuelewa, ni tamu kusifiwa na anayejua. Ila asante moja ukaifanya miezi miwili, mwenzako akaenda kuchapisha picha.

Na hapa ndipo nakukasirikia kweli. Katika barua yako yote umemhurumia mjomba na koti lake, umejihurumia wewe na kabati lako. Hujamhurumia huyo mama hata kwa mstari mmoja. Ni yeye atakayesimama Jumamosi mbele ya watu waliosoma kama yeye, akinyoosha kidole kwenye kipande cha mpingo kikubwa kama mlango. Ndiye aliyevua viatu kwako akakaa mkekani. Unamlipa hivyo?

Shauri la Vaileth tuliache palepale. Panya wa Chamazi nawajua, ni wakorofi, ila hawajaanza kula taya. Na pingili airudishe, atafute tofali.

Unaogopa kwamba wakisikia manne ni bandia watakataa yote. Inawezekana wengine wakaanza hivyo, sikufichi. Lakini fikiri: duniani kuna mtu mmoja tu anayejua lipi ni la mnyama na lipi ni la kwako. Ukinyamaza, mashine itasema kwa niaba yako, na mashine ikisema, hakuna atakayekusikiliza tena hata ukiapa. Ukisema wewe kwanza, umewapa sababu ya kukuamini kwenye yale saba. Hayo mengine yaachie wayapime watakavyo, mawe hayana wasiwasi.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii mpigie mjomba Ferdinand. Si meseji, sauti. Taya limetoka kwenye shamba lake na yeye ndiye mkubwa wenu, asije akayasikia ugenini akiwa na koti jipya. Atafoka, mwache afoke, kisha mwambie taya ni la kweli, kisima ni chake, uvumbuzi ni wake, na basi apande kama alivyopanga.

Kesho asubuhi nenda mwenyewe kwa Dokta. Beba taya, na beba kipande kilichobaki cha gogo lile lile ulilochongea, aone mbao kwa macho yake. Usichomoe hata jino moja wewe, mikono yako imeshafanya ya kutosha, mwache achomoe yeye kwa utaratibu wake. Usianze na maelezo ya marehemu baba. Anza hivi: "Dokta, jino la tatu nimelichonga mimi, na mengine matatu." Halafu nyamaza na wewe usubiri, kama alivyokusubiri yeye.

Jambo la mwisho, ambalo nimelisoma kwenye barua yako mara mbili nikiwa sicheki. Ile D umeitaja kama mazoea tu, na huenda unaogopa kwamba ndiyo itakayokuumbua. Fundi, yule aliyeniuzia tembo hakuacha jina popote, tembo mwenyewe nimemgeuza juu chini. Anayetaka kudanganya haweki alama yake. Siku ile ulipoichonga D kwenye mizizi ya meno manne ulikuwa mtu mwaminifu mwenye papara, na ushahidi umeupachika mwenyewe ndani ya taya. Dokta akichomoa la kwanza, mwonyeshe. Itakutetea kuliko maneno yangu.

Barua yako nimeibadilisha majina yote, hata herufi yenyewe. Ila tusidanganyane, wachonga vinyago wa Chamazi wenye taya la kenge wa baharini kabatini hawajai kiganja, na Dokta naye husoma magazeti. Jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi. Mpigie mjomba sasa.