Kozi ya Mikono Nyuma

Jumapili, 19 Aprili 2026

Barua ya chuo imekuja. Nimepata nafasi! Msaidizi wa tiba ya viungo, diploma ya miaka miwili, kuanzia Septemba. Nithibitishe kabla ya Ijumaa tarehe mosi Mei, saa kumi na moja jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nimefurahi robo saa. Kisha nikaanza kupiga hesabu.

Ada elfu kumi na moja na ushee. Vitabu. Na pale kazini kwangu, nyumba ya wazee, nitabaki na zamu za wikendi tu — nusu ya mshahara kwaheri. Nikimaliza, labda dola sita zaidi kwa saa. Labda. Alban mume wangu kasema hela itarudi nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Kimberly kapiga yake, kwa Kiingereza chake, binti yangu huyo, kapata arobaini na tisa. Mimi nimepata hamsini na nne. Hesabu moja, vichwa vitatu. Hakuna aliyeuliza mgongo wangu unagharimu kiasi gani, miaka tisa ya kuinua watu vitandani.

Jumanne, 21 Aprili

Mama mkwe kaniuliza, namlisha uji: nikienda shule, yeye atalishwa na nani? Tunaishi naye hapa ughaibuni, mtaa wa Crescent Town, tangu kiharusi kimpige, miaka miwili sasa. Mkono wa kulia mzito. Namvisha, namchana, namlisha, ndiyo niende kazini. Kanisani wananisifu, eti mkwe wa aina yangu siku hizi hapatikani. Nasikia raha wakisema, kwa nini nijidanganye.

Nikamwambia bado sijaamua. Kasema sawa. Uso haukusema sawa.

Alhamisi, 23 Aprili

Chuo wameshauri ukaione kazi kabla ya kulipa. Nimekwenda kliniki moja kule St. James Town, nimfuate Zeena siku nzima. Ni msaidizi pale, kijana, wazazi wake wa Kisumu. Kiswahili anakielewa, anajibu Kiingereza.

Mgonjwa wa pili, Mzee Kassamali wa Mwanza. Miaka themanini na mmoja, kiharusi. Nikampa shikamoo yake, akafurahi, akataka kujua kwetu wapi. Zoezi lake kufunga shati, vifungo vitano. Dakika kumi, vitatu. Jasho linamtoka. Zeena kasimama, mikono nyuma, anatazama! Mimi ningewezaje? Mzee wa umri wa baba yangu anahangaika na shati mbele yangu, na mimi nimesimama tu? Nikamfungia viwili vilivyobaki. Akaniombea dua.

Zeena alingoja tutoke. Kisha taratibu akaniambia: ule ulikuwa mtihani wa wiki wa Mzee. Siku zote huishia vitatu, na leo alikuwa ameshakishika cha nne. Sasa itabidi aandike vitatu tena. Kasema sehemu ngumu ya kazi hii ni kutosaidia.

Aibu. Halafu hasira — kalelewaje huyu mtoto? Halafu aibu tena.

Jumapili, 26 Aprili

Siko sawa. Sijui hata padri kahubiri nini. Nawawaza wale wa zamu yangu. Nawavisha chapuchapu kwa sababu ni watu tisa kwa saa moja na nusu. Wangapi walikuja wanajivisha? Bibi mmoja alikuja anachana nywele mwenyewe. Nikamchukulia kitana, nina haraka. Siku hizi ananiinamishia kichwa tu.

Kama kozi itanifundisha hili, si nimeshalijua bure? Au ndiyo maana niende? Sijui. Sijui kabisa.

Jumatano, 29 Aprili

Nimejaribu. Asubuhi nimemwekea Mama bakuli, nikampa kijiko, nikakaa. Akaningoja. Nikamngoja. Nikasema jaribu, Mama. Kijiko kikafika nusu ya njia, uji ukamwagika kifuani. Akasukuma bakuli. Alban katoka chumbani, kamkuta mama yake kalowa na mimi nimekaa. Kauliza kama hii ndiyo elfu kumi na moja yenyewe, nilipe nifundishwe kumtesa mama yake. Akamlisha yeye. Anamlisha vibaya, haraka mno.

Nimelia bafuni. Siendi, nimeamua.

Jioni — sijaamua.

Ijumaa, 1 Mei

Nimeomba ruhusa kazini. Kompyuta iko wazi mezani, ukurasa wa chuo, sehemu ya kuthibitisha. Alban hayupo mpaka saa kumi na mbili.

Saa kumi nilimletea Mama chai na mkate, nikarudi jikoni kufuata kitambaa. Kutoka, namkuta ana kipande mkononi. Mkono ule wa kulia. Kachovya kwenye chai, nusu ikadondoka, nusu ikafika. Akatafuna polepole. Akachovya tena. Cha tatu kikaanguka chote, akakiokota. Mimi mlangoni, mikono sijui niiweke wapi. Nilitaka kushangilia, nikaogopa kumshtua.

Akaniona. Nilidhani atacheka, au atanisimanga kwa lile la juzi. Wala. Kaniuliza, sauti ndogo: "Marcelina, miaka yote hii miwili, kumbe ningeweza?"

Saa kumi na nusu sasa. Naandika ili nisimtazame. Kakaa hapo mbele yangu, chai inapoa, anangoja nimjibu.