Sahani Anayoisukuma Mama

Baba,

Sijui kama huko uliko barua za kinyaa zinafika, lakini hii nisipoiandika nitatapika.

Unakumbuka ulivyokuwa ukila? Mama anakutengea mkekani, anasubiri amesimama. Wewe unainamia sahani, unanusa kama unakagua samaki wa juzi, halafu unaisukuma kwa kidole kimoja. "Chumvi." Basi. Mama anarudi jikoni kupika upya, nasi watoto tunatazama chini. Nilikichukia kile kidole, baba. Na ni wewe huyo huyo uliyekuwa ukinimenyea muwa.

Ulipozikwa nililia, sikatai. Lakini moyoni nikasema, sasa mama atakula.

Katika eda yote majirani wa hapa Pugu walimletea vyakula, akala vizuri. Eda ilipokwisha akaingia jikoni mwenyewe, akapika wali na mchuzi wa nazi, tukaketi wawili. Akainama. Akanusa. Akaisukuma sahani yake kwa kidole kimoja, akasema "Chumvi," akainuka kupika tena. Hata sauti ilikuwa yako! Nilipomuuliza, akanishangaa, hakujua kabisa kama amefanya kitu. Tangu hapo ni hivyo hivyo kila mlo, na amekonda mpaka magauni yanamvuka mabegani.

Nikaenda kwa mnasihi mmoja, Temeke, dada mpole. Akanieleza kwamba mtu akiishi na hofu miaka mingi, akili yake ya ndani, ile asiyoiona mwenyewe, inaweza kumchukua anayemwogopa ikamweka humo humo ndani, maana akiwa ndani hatishi kama akiwa nje. Nikashukuru, nikatoka, nikatema mate barabarani. Yaani kaburi halikukutosha, baba. Umehamia kwenye pua ya mama yangu.

Jana akaisukuma tena. Nikaivuta sahani ile, nikala wali wote mbele yake, nikakomba mchuzi kwa vidole. Akasimama ananitazama, kama alivyokuwa akikusubiri wewe. "Mwanangu, chumvi haijazidi?" Nikamwambia haijazidi, na haijawahi kuzidi hata siku moja. Akakaa chini. Akalia sana, na sikumnyamazisha.

Mungu akurehemu, mie bado sijaweza. Pumzika huko, utuache. Nakuahidi nitakula naye sahani moja kila siku, mpaka ashibe bila kukuuliza wewe.

Mwanao,
Zuhura