Msukuma Asiyejua Ng'ombe

Jumatatu, 4 Desemba 1978

Zizini tangu alfajiri. Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ng'ombe kumi na tisa wa kijiji, na mimi msimamizi wao. Mwenyekiti alipopita nilisimama katikati yao na fimbo yangu, nikapiga mluzi. Alipopotea migombani nikatoka mbio. Yule mwenye pembe pana alikuwa ananitazama.

Mwaka wa tatu sasa. Nimechoka kupiga mluzi.

Jumanne, 5 Desemba

Kijiji kinatoa ng'ombe watano kwa ajili ya askari walioko mpakani. Jumamosi wataswagwa hadi Biharamulo. Mwenyekiti kaniambia nichague mimi, maana Msukuma ndiye mwenye jicho.

Jicho gani? Siku tunafika hapa Nyamigogo kutoka Shinyanga, watu waliuliza ng'ombe wangu wako wapi. Niliona aibu. Nikasema nimewaacha kwa kaka, thelathini. Sina kaka. Baba alikuwa fundi cherehani wa misheni, nami nimekulia chini ya meza yake nikiokota vifungo. Lakini wakaandika "mfugaji" kwenye daftari la kijiji, nami nikanyamaza.

Leo nimezunguka zizi, nikashika migongo, nikafunua mdomo mmoja nikatazama meno. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nikachagua watano walionenepa. Wa kwanza yule wa baka jeupe usoni, ninayemwita Baka, maana tumbo lake ni kubwa kuliko la wote. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Jumatano, 6 Desemba

Mama Editha kapita zizini. Ni mjane, mtu wa Kanazi, kakulia kwenye ng'ombe wa baba yake. Kamtazama Baka kwa muda mrefu. "Baba Masanja, huyu si mafuta. Huyu ana mimba, tena yuko karibu."

Nikamjibu kwamba kwetu Usukumani ng'ombe akinenepa vizuri huwa hivyo. Kumjibu hivyo mzee kama yule! Kaokota kuni zake kaenda.

Nilijua anasema kweli. Nimeandika ili angalau karatasi ijue.

Ijumaa, 8 Desemba

Mvua kubwa. Asubuhi Baka alilala chini, akaanza kuguna kwa uchungu. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa nje. Mmoja tu.

Ningeweza kumwita mtu. Sikumwita. Nilikaa juu ya gogo na gunia kichwani, nikajiambia wanyama wanazaa wenyewe. Kweli niliogopa mambo mawili: kumgusa, na kuonekana sijui kumgusa. Ilipofika saa sita mchana mguu ulikuwa bado mmoja.

Ndipo nikakimbia. Nilimwamkia Mama Editha shikamoo nikiwa bado nakimbia, sikungoja marahaba. Alikuja na kamba na mafuta ya mawese. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautafuta mguu wa pili uliokuwa umekunjika, akanifundisha pa kuvuta. Nikavuta nimefumba macho.

Ndama alikuwa amekufa. Jike, na baka jeupe kama la mama yake. Baka mwenyewe ni mzima, analamba kile ambacho hakiamki.

"Tangu saa ngapi?" akauliza Mama Editha.

Tangu asubuhi, nikasema. Ni mara ya kwanza nimesema kweli kuhusu ng'ombe. Akanawa mikono kwenye maji ya mvua.

Jumamosi, 9 Desemba

Wamekwenda wanne, na dume mmoja wa kujazia. Mwenyekiti kanipa pole mbele za watu. Kasema hata mtaalamu huponyokwa, mvua ile ilikuwa mbaya. Mama Editha alikuwepo. Akanitazama tu mpaka nikainama.

Ningeweza kukaa hivi hivi. Ndilo linalonichosha zaidi.

Jumapili, 10 Desemba

Mkutano wa kijiji baada ya ibada. Nilinyoosha mkono. Nikasema sina ng'ombe, sijawahi kuwa nao, mimi ni mtoto wa fundi cherehani, naogopa pembe. Ndama kafa kwa sababu niliona aibu kuuliza.

Nyuma walianza kucheka, na Wasukuma wenzangu ndio waliocheka zaidi. Mwenyekiti hakucheka. Akasema, "Basi yule ndama angekuwa hai." Ndiyo, nikasema. Nikakaa.

Zizi amepewa Mama Editha. Mimi nimepangiwa kupalilia shamba la kijiji.

Nyumbani mke wangu Kabula alikuwa ametoa cherehani ya baba chini ya kitanda, ameifuta vumbi. Kumbe uongo ule ulimchosha kabla yangu.

Jumatano, 20 Desemba

Kumetulia. Mchana nashinda barazani na cherehani, nikitia viraka suruali za mgambo wanaoondoka kesho. Mshono wangu umenyooka. Jioni nalima vibaya kama kila mtu ajuavyo.

Mimi ni mwoga. Uongo nimeuacha, ila uoga upo palepale.

Saa kumi ng'ombe walipita kwenda mtoni, Mama Editha nyuma yao. Baka akakata njia akaja moja kwa moja barazani. Watu walikuwepo, wanangojea suruali zao. Nikainuka, nikachukua kigoda changu, nikaingia ndani mpaka alipopita. Kisha nikatoka nikaendelea kushona.