Gawanya kwa Tatu

Kwako Dada, mkubwa wangu na mama yangu wa pili,

Kabla sijakuuliza hali, vuta kiti ukae, maana bahati imenifuata mdogo wako mpaka mlangoni ikabisha hodi. Hoteli kubwa ya ghorofa nyingi imenikabidhi friji zake zote: za jikoni, za baa, na zile ndogo za vyumbani ambamo wageni hufungia maji ya kunywa kama vile ni dhahabu. Mkataba wa mwaka mzima. Meneja ameniita mhandisi mbele ya watu, nami sikumsahihisha, kwani kumsahihisha mkubwa si adabu.

Haya, salamu sasa. Goti lako linasemaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanajua kalala upande gani? Sisi huku wazima. Watoto wanamwamkia shangazi yao. Binti amerefuka, sasa ananisemesha macho kwa macho kama hakimu, na mdogo wake, Kidosho, kifua bado kinambana mara kwa mara, lakini kikimwachia tu mdomo haufungi. Kamrithi nani, sijui.

Nilikwambia kwamba mimi na wifi yako tunaachana bila kurushiana sufuria. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Kilichobaki ni matunzo ya watoto, na kwa hilo tuliitwa ofisi ya ustawi wa jamii. Chumba chenyewe kina benchi linaloyumba na feni inayozunguka kama inadaiwa. Afisa ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Wifi yako alikuja na kaka yake, yule Viatu, bila shaka unamkumbuka. Ndiye aliyeniuliza siku ya posa kama kutengeneza friji ni kazi au ni njia ya kupata upepo.

Afisa alitueleza kwamba kwanza tutakadiria watoto wanatumia nini, kisha kila mzazi aseme anaingiza nini, halafu mzigo ugawanywe kwa kadiri ya mabega. Wifi yako alitaja chakula, ada, nauli na dawa za Kidosho bila kutia chumvi hata chembe. Nilimvulia kofia moyoni. Akataja na mshahara wake wa kufua mashuka ya hospitali, pamoja na zile zamu za usiku. Ikawa zamu yangu. Viatu akakohoa kidogo, kile kikohozi chake. Basi nikaitaja hoteli, nikataja na kipato ambacho hata feni nadhani ilisita.

Wewe unaijua kazi yetu. Mteja akileta friji, fundi hataji bei, anataja mahali pa kuanzia. Mteja anashika kichwa, anasema fundi utaniua, mnashuka ngazi pamoja mpaka mnakutana chini mkicheka. Nikangoja yule mama ashike kichwa. Hakushika. Aliandika. Nikajiambia labda ataanza kubishana akimaliza kuandika. Akapiga mstari, akaniambia ahsante sana baba, wanaume wengi huja hapa wamevaa mashati yaliyochanika kwa makusudi.

Wifi yako alitaka kuniokoa. Alimwambia afisa, kwa upole kabisa, kwamba huyu ni mtu mwema na watoto wake anawapenda, ila chochote anachokitaja, gawanya kwa tatu. Alisema kama anayesoma maelekezo ya dawa. Viatu alicheka mpaka akajipiga kifua. Dada, mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilisimama, nikamwambia akagawanye mshahara wa kaka yake, mimi sigawanyiki, na nikaapa kwamba nilichotaja ni kweli. Afisa akasema sawa, lakini lazima athibitishe kwa ndugu anayeijua kazi hiyo. Nikampa namba yako. Atakupigia wiki ijayo, ndiyo sababu ya barua hii, ninayompa jirani anayesafiri kuja huko. Ningekupigia mwenyewe, lakini kwenye simu utaniuliza maswali, na mimi nikiulizwa hapohapo jibu zuri hunitoka kabla ya jibu la kweli.

Tulipotoka, wifi yako aliniita pembeni, pale kwenye ngazi. Nilidhani ananiomba radhi, nikaanza kujipanga kusamehe kwa ukarimu. Kumbe alikuwa na lake. Alisema akiwa zamu ya usiku, binti ndiye anayeamka Kidosho akibanwa na kifua, na asubuhi anasinzia darasani. Kama hayo niliyoyataja ni ya kweli, mwisho wa mwezi atamwambia msimamizi wake kwamba usiku basi, amtafute mwingine. Aliniuliza mara moja tu: niache, nisiache? Nikamwambia aache, na nikaongeza kwamba mwanamume ni kauli yake. Akanipa mkono. Hatukuwa tumepeana mkono tangu mambo yaharibike.

Tangu hapo nimezungusha hesabu kila upande. Nikiuza mashine ya kuchomelea na mitungi ya gesi, inapatikana pesa ya mwezi mmoja, na mwezi wa pili nitakuwa fundi wa kutengeneza kwa mdomo. Theluthi ya nilichotaja ninaiweza. Hiyo nitaipeleka kila mwezi bila kukumbushwa, mvua ije, jua lije. Wifi yako alikadiria vizuri kuliko mwenye mali. Kesho asubuhi nakwenda kwake kumwambia asiache zamu, kisha nakwenda kwa afisa, na Viatu kama yupo acheke mpaka mishono imwachie.

Msalimie shemeji, na lile goti ulikande kwa maji ya moto badala ya kulisifia uvumilivu. Watoto watakuja kwako shule zikifungwa, nauli yao ni juu yangu, na hiyo usiigawanye.

Afisa akipiga simu, usinitetee. Najua utataka. Hakuna hoteli, dada. Nilikwenda kuomba kazi, mlinzi akanirudisha getini, na huyo meneja sijamwona hata kwa mbali. Nilikudanganya na wewe.

Mdogo wako asiyekuchoka,
Bwana Baridi