Blanketi ya Babako

Kwa binti yangu Robi,

Salamu kutoka hapa Kegonga. Babako anakusalimu, kifua bado inamsumbua. Nyanya anakusalimu, ndugu yako Magige pia, na ng'ombe amezaa. Sijui wewe huko Homa Bay.

Blanketi uliyotuma imefika, ni nzito. Lakini kona moja imekatwa na makasi, kama mtu alikuwa anatoa jina la lojing, hiyo nyumba ya wageni unakofanya kazi. Na si uliniandikia kwamba Awino, unayetandika naye vitanda, amefutwa kazi kwa sababu ya blanketi iliyopotea? Ukasema ana watoto.

Nimeikunja tu. Babako anauliza, "Mama Robi, mbona unaninyima?"

Kama ulinunua, niandikie haraka nimfunike, maana anatetemeka. Kama hukununua, Awino arudishiwe kazi yake.

Mimi mamako, nangoja.