Kikombe cha Pili cha Matroni

Itsuki, huyu rafiki yako anayekuandikia ameharibu. Ameharibu kabisa.

Unaijua chai ya kijani ya matroni wetu, Mama Kuwabara, ile ya kupunguza tumbo. Kila asubuhi anamimina vikombe viwili. Leo rafiki yako, kwa huruma zake, akanywa kimoja ili mama asijichoshe kukonda.

"Nani kanywa chai ya mume wangu?"

Ya mume wake, Itsuki. Marehemu. Mama huwa anaiweka mbele ya picha yake chumbani.

Rafiki yako akakiri, huku akijiona tayari amefukuzwa bweni.

"Umeionaje?"

"Chungu, mama."

"Naye alikuwa akilalamika hivyohivyo."

Akamimina nyingine, akaipeleka kwenye picha. Akarudi taratibu.

"Kesho uje unywe hapa na mimi. Yule hanijibu."

Mumewe hamjibu, Itsuki. Kila asubuhi.